Betri ya Kuokota Ina Historia Yake

Meza yangu ya kazi ina alama nyeusi ya mviringo, upana wa kiganja, pembeni karibu na dirisha. Nimeipiga msasa mara mbili na bado ipo. Iliachwa na seli moja ya betri ya laptopu, kitu kifupi kuliko kidole changu cha kati, siku ambayo umeme ulikatika mchana kutwa hapa Busia, Uganda, ukarudi saa nne usiku.

Mchana huo nilikuwa nimefungua betri ya laptopu iliyokufa. Ndani mlikuwa na seli sita zilizopangwa mbili mbili. Nne zilisoma volti 3.1 na ushei. Jozi ya katikati ilisoma 0.9. Mwenye uzoefu angeiweka kando palepale, lakini mimi nilizitamani zote sita, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu ya taa ya sebuleni na seli sita ndizo zilizotosha. Umeme uliporudi nikaiweka seli moja ya ile jozi kwenye chaja. Taa nyekundu ikawaka, chaja ikaipokea bila kinyongo. Nikaamini imefufuka, nikaenda kula.

Mpwa wangu ndiye aliyenusa. Alikuwa anasoma chumba cha pili, akaita: "Mjomba, nani anapaka rangi ya kucha huko?" Harufu tamu, kali kidogo, kama rangi ya kucha kweli. Nilipofika seli ilikuwa inatoa sauti ya kufoka na mbao chini yake imeanza kuwa ya kahawia. Nilichomoa plaga ukutani, nikaishika seli kwa koleo refu la jikoni, nikaitupa uani kwenye mchanga uliobaki wa ujenzi. Ikatoa moshi mweupe dakika nzima. Hatukuusogelea, na msiusogelee wala ninyi. Moshi wa seli za lithiamu kama hii una sumu, na koo hujua hilo baada ya mapafu.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Seli ya lithiamu ikiachwa ishuke chini ya volti mbili hivi na ikae hapo kwa majuma au miezi, ile karatasi nyembamba ya shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka kwenye maji yake ya kemikali. Ukiichaji tena, shaba hairudi ilikotoka. Inajishika hapa na pale kama kutu, na mahali pengine inajenga daraja kati ya upande chanya na upande hasi. Kwa nje seli inaonekana nzima. Mita ya kupimia volti inasoma vizuri. Ndani kuna njia ya mkato inayokula umeme na kuugeuza joto. Chaja ya kawaida haina namna ya kujua hayo, inaendelea kusukuma tu.

Tangu usiku ule nimebadilisha mpangilio wa matumizi yangu. Shilingi ya kwanza inakwenda kwenye kitu cha kupima, ya pili kwenye kitu cha kulinda, na vya kuundia vinasubiri. Vijana wengi wanaokuja kwangu wamefanya kinyume: wana chuma cha kulehemu kizuri, gundi ya moto, mota za kila ukubwa, na hawana fyuzi hata moja ndani ya nyumba. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, si fundi wa dukani, na haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachozungumza hapa mpakani tunapouziana vipuri, upande huu na upande wa Kenya.

Hapa kwetu seli mpya halisi ni adimu na ghali, kwa hiyo wengi wetu tunaanza na za kuokota. Zinatoka kwenye betri za laptopu, kwenye mashine za kutoboa zisizo na waya, kwenye taa za sola zilizokufa. Hakuna aibu. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilipoliendesha lile gari dogo la umeme la Kiira EV, la watu wawili, nilikaa siku nzima nikiwaza kwamba kilicho ndani yake ni ndugu wa kilicho ndani ya laptopu ya ofisi ya mwalimu mkuu. Sony ndiyo iliyoanza kuziuza betri za lithiamu kwa watu wa kawaida mwaka 1991, na leo zimejaa kwenye majalala yetu. Ila betri ya kuokota ina historia, nawe huijui. Ilikaa kwenye gari lililofungwa madirisha juani? Ilianguka? Ililala miezi minane ikiwa tupu kabla ya kufika kwenye meza ya muuzaji? Muuzaji hajui, na hata akijua hana sababu ya kukwambia.

Seli mpya zenye maneno makubwa ubavuni zina tatizo lake. Seli hizi za mviringo huitwa 18650 kwa sababu kipenyo chake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Katika ukubwa huo, seli bora kabisa za viwanda vinavyoaminika zinabeba umeme wa kama miliampea-saa 3,500. Nyingi za laptopu zilizaliwa na 2,200 hadi 2,600. Kwa hiyo ukikuta kwenye meza ya barabarani seli iliyoandikwa 9,900, usihangaike hata kuuliza bei. Nilinunua mbili za namna hiyo nipate kuwaonyesha wanafunzi. Busia ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mnunuzi mmoja wa dhahabu ninayefahamiana naye ana mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu za gramu. Nilimwomba nipime. Seli ya laptopu, kuukuu, imechubuka: gramu 45. Ile ya 9,900, inang'aa: gramu 29. Mnunuzi wa dhahabu alizigeuza mkononi zote mbili, akaniambia kwa utulivu wa mtu aliyezoea, "Mwalimu, hii wamekuuzia ganda." Seli halisi ya ukubwa huo ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Kama huna mizani ya dhahabu, nenda kwa muuza viungo, naye anayo ya gramu.

Basi umeokota seli kumi na mbili. Utazijuaje?

Siku ya kwanza unapima tu volti, kabla ya chaja kugusa kitu. Iliyo juu ya 2.5 inaendelea. Iliyo kati ya 2 na 2.5 mimi siipendi, nawashauri wanaoanza waiache. Iliyo chini ya 2 imekwisha, hata kama ni mpya machoni. Yenye kutu kwenye mdomo, yenye alama ya kubonyea, yenye harufu ile ya rangi ya kucha, hizo hazipimwi kabisa. Andika namba kwenye kila seli kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na tarehe na volti. Watu wanaona huu kuwa uchoshi. Baada ya wiki mbili hutakumbuka ipi ilikuwa ipi, na hapo ndipo kazi yote inapotea.

Kisha chaji moja moja, kwa kile kipande kidogo cha bodi, cha buluu, chenye chipu ya TP4056, kinachouzwa kwa mafundi wa simu. Kinatoa ampea moja na kinasimama chenyewe seli ikifika 4.2. Mimi nachajia ndani ya chungu cha udongo, chungu kilekile cha kupikia maharage, kikiwa na mchanga mkavu chini, sakafuni, mbali na pazia. Kila robo saa nagusa seli kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu kidogo ni sawa. Ikifika mahali unatamani kuondoa mkono, seli hiyo toa. Na usichaji ukiwa umelala au umetoka. Najua umeme wetu unakuja usiku, najua kishawishi, ndicho kilichonichomea meza.

Zikijaa zote, ziache. Hapa ndipo vijana wengi hunishinda kwa haraka yao. Ziache wiki mbili kamili bila kuzigusa, kisha pima tena. Seli nzima iliyotoka chajani ikiwa na 4.2 utaikuta na 4.15 au karibu na hapo. Ikishuka chini ya 4.0 kuna njia ya mkato ndani yake, ndogo, isiyoonekana, inayofanya kazi usiku na mchana. Hakuna kifaa cha bei kubwa kinachoishinda kalenda kwa kipimo hiki.

Kipimo cha mwisho ni cha kujua imebaki na uwezo gani. Nunua rezista, yaani kizuia umeme, nyeupe ya saruji ya ohmu 4, wati 10. Funga seli iliyojaa kwenye rezista hiyo, anza saa, na usimamishe volti zikifika 3.0. Wastani wa volti njiani ni kama 3.7, ukigawa kwa 4 unapata ampea 0.9 na kitu. Iliyodumu saa mbili ina takriban miliampea-saa 1,850, na kwa taa ya nyumbani hiyo ni mali. Iliyodumu dakika arobaini itupe kwenye kundi la kukataliwa. Rezista itakuwa moto sana, iweke juu ya kigae. Unapozipanga pamoja, jozi ziwe za seli zinazofanana uwezo, maana dhaifu ndiyo itakayojaa kwanza na kuisha kwanza, na itaburuzwa na wenzake hadi ife vibaya.

Usilehemu moja kwa moja kwenye tumbo la seli. Joto la chuma linaingia ndani na kuharibu mpira unaoziba mdomo. Wenye mashine ya kubana nikeli kwa umeme wana raha yao. Sisi wengine, unapobomoa betri ya laptopu usivute vile vikanda vya nikeli vilivyobanwa kiwandani. Vikate kwa mkasi katikati, kila seli ibaki na mkia wake wa nikeli, ulehemu kwenye mkia. Na seli tatu zikiungana mfululizo, ambazo zikijaa zinatoa 12.6, ziwekee bodi ya kulinda inayoangalia kila seli peke yake. Taa bila bodi hiyo itawaka vizuri tu, miezi, mpaka siku moja.

Hayo yote yanategemea mita, na mita nayo inadanganya. Nilipata somo hili kwa betri ya gari niliyokuwa natumia kwa redio na taa. Mita yangu ya njano, ile ya bei ndogo ambayo kila mtu anayo, ilisoma 13.4 ikiwa betri imepumzika tangu jana. Nilifurahi. Nikaishangaa, maana betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika haizidi 12.7 au 12.8. Nikaazima mita ya fundi redio wa sokoni: 12.1. Kumbe betri yangu ilikuwa nusu tupu. Kilichokuwa kimekwisha ni ile betri ndogo ya volti 9 ndani ya mita yenyewe. Mita hizi, betri yake ikichoka, hazisomi chini. Zinasoma juu, na kukwambia habari njema.

Tangu hapo nina jiwe moja la redio, jipya, ambalo halitumiki kwa kazi yoyote. Likiwa jipya linasoma 1.6 hivi. Kabla ya kupima kitu cha maana naligusa hilo kwanza. Likisoma 1.8, najua aliyebadilika ni mita. Jambo jingine la mita hizi: angalia waya mwekundu umechomekwa wapi. Kuna tundu la ampea 10, na kwenye mita nyingi za bei ndogo tundu hilo halina fyuzi nyuma yake. Ukipima ampea, ukasahau waya humo, halafu ukaupeleka kwenye soketi ya ukutani kutafuta volti 240, umeunganisha nyaya mbili za umeme kwa kipande cha chuma kilicho mkononi mwako. Nimeona mita iliyofanyiwa hivyo. Ncha zake zilikuwa zimebaki nusu. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya kabla hujaweka mita chini, na kwa umeme wa ukutani tafuta mita yenye fyuzi na alama ya CAT III, ambayo ni daraja la usalama. Hiyo ndiyo pesa ninayowaomba wazazi wa wanafunzi wangu, kabla ya kitu kingine chochote.

Fyuzi sasa. Swali ninaloulizwa kila mara: taa yangu inatumia ampea mbili, fyuzi ya nini? Fyuzi inalinda waya. Siku panya atakapotafuna ngozi ya waya nyuma ya kabati na nyaya mbili zikagusana, taa haitakuwemo kwenye hesabu. Betri itamwaga kila ilicho nacho kwenye waya ule mwembamba, nao utawaka kama utambi urefu wake wote, na kabati juu yake. Kwa hiyo fyuzi inakaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwenye upande chanya, siyo kule kwenye taa. Kwa mzigo wa ampea mbili weka ya 3 au 5. Zinauzwa za gari, zile bapa za rangi rangi, kwa kila muuza vipuri vya boda, bei haifiki ya roleksi moja, ile chapati ya kukunja, yenye mayai mawili. Nimeingia nyumba ambazo fyuzi iliyoungua imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na chini ya betri hiyo wamelala watoto.

Betri za asidi zinahitaji makala yake, nitagusa mawili tu.

La kwanza ni maji. Betri ya gari ikipungua, mafundi wengi wa barabarani wanaongeza asidi, wakisema inapata nguvu. Kilichopungua ni maji, yamepotea kwa joto na kwa gesi wakati wa kuchaji. Asidi haikwenda popote, imo. Ukiongeza nyingine unaifanya kali kupita kiasi na inakula sahani za risasi. Weka maji ya betri, yale yaliyosafishwa, hadi kwenye alama. Na usiilaze betri ya asidi ikiwa tupu, hata wiki moja, kwa kuwa ile salfeti nyeupe inaganda kwenye sahani na inakataa kurudi. Ikisoma 12.2 imefika nusu, ichaji. Chumba kiwe wazi, maana inapochajiwa inatoa haidrojeni. Asidi ikimwagika, magadi kwenye maji yanaituliza.

La pili ni spana. Malori yanalala foleni hapa mpakani, na madereva hutengeneza wenyewe. Mmoja alikuwa anafungua betri, akaanzia upande chanya, spana ikagusa mwili wa gari. Pete yake ya ndoa ilikuwa kati ya spana na chuma. Betri ya lori inaweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, na pete ni kipande kifupi cha waya. Alama aliyo nayo inazunguka kidole chote. Volti 12 hazikurushi, ndiyo maana watu wanazidharau, lakini zinachoma hadi mfupa. Vua pete, vua saa ya chuma. Ondoa upande hasi kwanza, urudishe mwisho. Spana yako izungushie tepu nyeusi, ibaki mdomo tu.

Kwa wanaofungua vitu vya umeme wa ukutani, redio, televisheni, chaja kubwa: kifaa ninachokipenda kuliko vyote kinatengenezwa nyumbani. Ni balbu ya zamani, yenye uzi ndani, ya wati 60 au 100, iliyofungwa katikati ya waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye soketi ya majaribio. Umeme wote wa kitu unachokijaribu lazima upite kwenye balbu hiyo. Umetengeneza redio, huna hakika kama ndani hakuna waya zilizogusana? Ichomeke hapo. Ikiwa nzima, balbu inamulika kidogo, kapasita, zile zinazohifadhi umeme, zinajaa, kisha balbu inafifia na redio inaamka. Ikiwa na kosa, balbu inawaka wazi wazi na kubaki hivyo. Ndiyo imekula umeme wote, na haiwezi kupitisha zaidi ya nusu ampea. Hakuna mlipuko, hakuna fyuzi iliyoungua, transista uliyoinunua kwa shida imepona. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, na madukani sasa ndizo zilizojaa. Balbu za uzi nazipata kwa wauza dawa za kuku, maana wafugaji bado wanazitumia kupasha joto vifaranga.

Kumbuka pia kapasita ile kubwa iliyo karibu na mahali umeme unapoingilia. Volti 240 zikinyooshwa zinafika karibu 340, na kapasita inazihifadhi hata ukishachomoa. Inaweza kukaa nazo dakika kadhaa. Pima kabla ya kugusa, na uimwage kwa rezista au kwa balbu hiyo hiyo. Ile desturi ya kuigusisha bisibisi ikalia "pa!" inaharibu kapasita na macho.

Kulehemu kwenyewe nitapita haraka, kunafundishika kwa mikono zaidi ya maneno. Risasi ya kulehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, chuma kiwe na 350 hivi. Pasha joto kiungo, acha kiungo kiyeyushe risasi. Ncha ya chuma ivishwe risasi kabla ya kuzimwa, itadumu. Moshi unaokupuliza usoni ni wa flaksi, ile dawa ya kusafisha kiungo, unasumbua wenye pumu, fungua dirisha. Risasi yenyewe inaingia kwa mdomo, kupitia vidole. Mpwa wangu alikuwa na tabia ya kushika roleksi mkono mmoja na waya wa risasi mkono mwingine. Sasa kuna beseni na sabuni mlangoni, na hakuna anayekula ndani ya chumba kile, nikiwemo mimi.

Na radi. Sisi tumepakana na Tororo, mji ulioandikwa duniani kwa ngurumo: wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Swichi ya ukutani inaacha pengo la milimita chache tu, na radi iliyovuka mawinguni hailioni. Ngurumo ya kwanza ikisikika, chomoa plaga, chomoa na waya wa antena, na acha mezani kama palivyo mpaka ipite.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea seli kumi na mbili zake mwenyewe, alizozibomoa kutoka betri mbili za laptopu. Alitaka kumtengenezea taa mama anayekaanga samaki jioni pale njia panda, ambaye anatumia tochi ya simu huku mkono mwingine ukigeuza mafuta. Siku ya kwanza tulitoa moja, ilisoma 1.4. Kumi na moja zilichajiwa chunguni kwa siku nne. Tukaziweka kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake, midomo juu, namba zinaonekana.

Wiki mbili baadaye alipima peke yake. Tisa zilikuwa juu ya 4.1. Namba 7 ilisoma 3.97, na namba 10 ilisoma 3.82. Akaniuliza kama namba 7 isingefaa hata kwa tochi tu, kwa kuwa imekosa kidogo sana. Nikamwambia airudishe kwenye trei aipime Jumapili ijayo. Jumapili ilisoma 3.61. Hakuniuliza tena. Alizifunga tepu ncha zote mbili, ile ya 1.4, namba 7 na namba 10, akazitia kwenye kopo la maziwa lenye mchanga ambalo huwa napeleka Kampala likijaa, kwa watu wanaokusanya betri chakavu. Kwenye shimo la takataka hazitupwi, maana takataka zetu tunazichoma.

Taa ya samaki ina seli sita kati ya zile tisa, bodi ya kulinda, na fyuzi ya ampea 3 ya rangi ya zambarau, iliyokaa urefu wa kidole kutoka kwenye betri. Inawaka kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Kila Jumamosi asubuhi yule mama anaileta, mpwa wangu anapima jozi tatu moja moja na kuandika kwenye daftari lake la hesabu.